Paul de Vivie 'Vélocio': Mzee wa Saint-Étienne Aliyeipa Baiskeli ya Safari Gia Zake

Leo tunakwenda Ufaransa, katika mji wa Saint-Étienne, kumwangalia mtu ambaye jina lake halijulikani sana miongoni mwetu, lakini kazi yake inaonekana katika kila baiskeli ya gia inayopita barabarani. Jina lake ni Paul de Vivie, na wasomaji wake walimfahamu zaidi kwa jina la kalamu la Vélocio.

Tumemchagua kwa sababu. Kila mwaka baridi inapopungua huku Ulaya na Amerika, ndugu zetu wengi huingia madukani kutafuta baiskeli ya kuzungukia nchi wakati wa likizo. Wengi hutoka na baiskeli nyembamba ya mashindano, yenye matairi kama kidole, kwa kuwa ndiyo waliyoiona kwenye televisheni. Huipakia mabegi wakaondoka. Siku ya tatu magoti yanauma, spoku za nyuma zimeanza kukatika, na baiskeli inarudi nyumbani kwa treni. Kule nyumbani shida ni nyingine. Baiskeli yetu ya gia moja hubeba magunia ya mkaa na mikungu ya ndizi bila kulalamika, lakini ikifika chini ya kilima mwenyewe hushuka na kuikokota. Matatizo haya mawili ni ndugu, na de Vivie aliyashughulikia yote mawili zaidi ya miaka mia moja iliyopita, huku akichekwa.

Paul de Vivie alizaliwa tarehe 29 Aprili 1853 huko Pernes, mji mdogo wa kusini mwa Ufaransa, si mbali na Mlima Ventoux. Hakuzaliwa fundi wala mwanamichezo. Alisoma, akapenda vitabu vya kale, kisha akaingia katika biashara ya hariri, iliyokuwa kazi kubwa katika sehemu zile. Hadi alipofikisha miaka 28 hakukuwa na jambo lolote lililomtofautisha na wafanyabiashara wenzake.

Mwaka 1881 alinunua baiskeli yake ya kwanza. Tusifikirie baiskeli tunayoijua leo. Ile ilikuwa na gurudumu la mbele refu kufikia kifua cha mtu, gurudumu dogo la nyuma, na pedali zilizofungwa moja kwa moja kwenye ekseli ya mbele. Haikuwa na mnyororo. Pedali ikizunguka mara moja, gurudumu nalo linazunguka mara moja, basi. Aliyetaka mwendo zaidi alilazimika kutafuta gurudumu kubwa zaidi, na ukubwa huo ulipimwa na urefu wa miguu yake. Gurudumu lenye kipenyo cha mita 1.3 lilimpeleka mtu karibu mita 4 kwa kila mzunguko, awe tambarare au mlimani. Kwenye mteremko lilikuwa hatari, kwani jiwe dogo liliweza kumrusha mwendeshaji kichwa mbele.

Inasimuliwa kwamba rafiki yake mmoja alimpa changamoto ya kwenda kilomita 100 kwa saa sita. Akaikubali, akashika njia ya milimani kuelekea La Chaise-Dieu, na alikoona mabonde na vijiji ambavyo mfanyabiashara wa hariri hakuwa na sababu ya kuviona. Tangu hapo hakurudi nyuma. Mwaka uliofuata alikuwa katibu wa chama cha waendesha baiskeli wa Saint-Étienne.

Wakati huo mambo yalikuwa yakibadilika kwa kasi Uingereza. Katika mji wa Coventry, mwaka 1885, John Kemp Starley alitoa baiskeli ya Rover, yenye magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Miaka mitatu baadaye, 1888, John Boyd Dunlop alipata hati ya tairi la upepo. De Vivie alikuwa akiagiza baiskeli kutoka Coventry na akaona wapi dunia inaelekea. Mwaka 1887 aliuza biashara yake ya hariri, akahamia Saint-Étienne pamoja na mke na watoto watatu, akafungua duka la baiskeli na kuanzisha gazeti. Gazeti hilo baadaye liliitwa Le Cycliste.

Tuseme kweli, huo ulikuwa uamuzi wa kutia hofu. Hariri ilikuwa biashara inayojulikana, na baiskeli ilikuwa bado mchezo wa vijana wenye pesa. Lakini mji aliouchagua ulimfaa. Saint-Étienne ulikuwa mji wa makaa ya mawe, wa viwanda vya utepe na vya silaha. Mafundi wake walizoea kuchonga chuma kwa vipimo vidogo, na haikuwachukua muda kugeukia fremu na magurudumu ya meno. Tena mji umezungukwa na milima. Ukitoka kuelekea kusini unaanza kupanda mara moja hadi kwenye kipito cha Col de la République, chenye urefu wa mita 1,161 juu ya usawa wa bahari. Barabara hiyo ndiyo iliyokuwa maabara yake kwa zaidi ya miaka arobaini.

Mwaka 1889 alitoa baiskeli ya jina lake mwenyewe, La Gauloise, yenye mnyororo na gia moja. Ilikuwa baiskeli nzuri kwa wakati wake. Lakini inasimuliwa kwamba siku moja, akiwa anahangaika nayo kwenye Col de la République, alipitwa na mmoja wa wasomaji wa gazeti lake, tena bwana huyo akivuta kiko chake kwa utulivu. Wengine wangekasirika, au wangejifanya hawakuona. De Vivie alijiuliza swali. Nikipunguza gia ili nipande vizuri, nitakwenda polepole kwenye tambarare. Nikiiacha ilivyo, mlima utanishinda. Kwa nini basi mtu awe na gia moja tu?

Hapa inafaa tueleze kidogo, kwa kuwa ndiyo shina la habari yote. Gia ya baiskeli hupimwa kwa umbali unaokwenda pedali inapozunguka mara moja. Chukua gurudumu ambalo mzingo wake pamoja na tairi ni kama mita 2.1. Ikiwa gurudumu la meno la mbele lina meno 48 na la nyuma 16, gurudumu la nyuma linazunguka mara tatu kwa kila mzunguko wa pedali, nawe umekwenda mita 6.3. Hiyo ni gia ya tambarare na upepo wa nyuma. Ukiwa na meno 28 mbele na 28 nyuma, umekwenda mita 2.1 tu, lakini mguu wako unahitaji theluthi ya nguvu ile. Nguvu ya mtu haiongezeki anapofika mlimani. Kinachoweza kubadilika ni chombo.

De Vivie alianza kwa njia rahisi kabisa. Aliweka magurudumu mawili ya meno mbele, moja kubwa na moja dogo. Akifika mlimani alishuka, akauhamisha mnyororo kwa mkono, akaendelea. Kisha akaongeza mengine mawili upande wa kushoto wa baiskeli, akapata gia nne. Mikono ilichafuka, muda ulipotea, lakini alipanda. Baadaye yeye na wenzake walifanyia kazi vifaa vya kuuhamisha mnyororo bila mwendeshaji kushuka. Fundi mwingine wa mji huohuo, Joanny Panel, aliyekuwa katika kundi lake, alitengeneza kifaa cha namna hiyo kilichoitwa Le Chemineau kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kundi hilo la mafundi na wasafiri likajulikana kama shule ya Saint-Étienne, ingawa halikuwa na darasa wala cheti. Darasa lilikuwa barabara.

Upinzani haukukawia. Mwaka 1902 klabu kubwa ya utalii ya Ufaransa, Touring Club de France, iliandaa jaribio la baiskeli za safari katika milima. Miongoni mwa walioshiriki alikuwa mwanamke aitwaye Marthe Hesse, akiwa na baiskeli ya gia kadhaa. Alipanda hadi mwisho bila kuweka mguu chini. Mtu angedhani mjadala umekwisha. Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la L'Auto, ambaye mwaka uliofuata alianzisha mashindano ya Tour de France, alishikilia kwamba gia za kubadilisha ni za watu waliovuka miaka 45, na kwamba mwanamume hasa hushinda kwa misuli yake. Mashindano yake yakawazuia washindani kutumia vifaa vya kuhamisha mnyororo kwa miaka mingi. Mashujaa hao waliokuwa wakipigiwa makofi walifika chini ya mlima, wakasimama, wakachomoa gurudumu la nyuma na kuligeuza upande wenye meno mengi zaidi, kisha wakaendelea.

Sisi tunaona kwamba hapa ndipo thamani ya de Vivie inapojitokeza. Alikuwa na duka, na njia rahisi ya kuuza ingekuwa kuwafuata wateja na fahari zao. Badala yake aliwaambia kwa miaka mingi jambo wasilotaka kusikia, kwamba gia ndogo si aibu. Baiskeli ya mashindano ina kazi yake, ambayo ni kumfikisha kijana mwenye nguvu kwenye mstari akiwa wa kwanza, huku gari likimfuata na vifaa. Msafiri hana gari nyuma yake. Ana mzigo, ana umri wake, ana kesho na keshokutwa. Ukimpa baiskeli ya bingwa umemwonea.

Na hakusema kwa kubahatisha. Alijaribu mwenyewe kwanza, kisha akaandika. Alikuwa na desturi ya kuondoka usiku, taa ikimulika mbele, na kusafiri mamia ya kilomita kuvuka milima. Wakati wa Pasaka aliteremka na wenzake hadi Provence, nchi aliyozaliwa. Hakula nyama, na safarini alijiepusha pia na mvinyo na tumbaku. Alikipenda Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili mataifa yaelewane. Wapo waliomwona mtu wa ajabu ajabu. Lakini vijana walioondoka naye usiku wa manane wakidhani watamchosha mzee, asubuhi walijikuta wao ndio wanaoachwa nyuma.

Mawaidha yake kwa wasafiri yalijulikana kama amri saba. Kwa ufupi aliwataka wasimame mara chache na kwa muda mfupi, wale kidogo kidogo bila kungoja njaa iwashike, wasijichoshe hadi wakashindwa kulala, wavae na kuvua nguo mapema kulingana na hali ya hewa, na wajihadhari na saa za mwanzo ambapo mtu hujiona ana nguvu za simba. La mwisho lilikuwa kujiepusha na kuendesha kwa majivuno. Waswahili tumeshasema kwamba mwenda pole hajikwai. Mzee huyu alilithibitisha hilo juu ya baiskeli.

Sasa, msomaji anayetaka kununua baiskeli ya safari leo atafaidika nini na maisha haya? Tumejaribu kuyaweka pamoja yale yanayotokana na fikra za de Vivie na yale ambayo wasafiri wa leo wanakubaliana.

Kwanza, anza na mlima mkali zaidi utakaokutana nao ukiwa na mzigo kamili, si na tambarare ya mbele ya duka. Uliza idadi ya meno ya gurudumu dogo la mbele na kubwa la nyuma. Meno 26 mbele na 32 nyuma yatakupa karibu mita 1.7 kwa mzunguko, na hapo hata mtu mzima mwenye mabegi atapanda akiwa ameketi. Gia kubwa kabisa hutaikosa sana, kwa kuwa kwenye mteremko uzito wenyewe unakusukuma.

Pili, tazama nafasi ya tairi kwenye fremu. De Vivie alitetea matairi mapana yenye upepo wa wastani wakati wengine waliamini kwamba wembamba na ugumu ndio mwendo. Tairi pana hunyonya mitikisiko, hulinda rimu na spoku, na kwenye barabara mbovu humchosha mtu kidogo zaidi. Fremu isiyoruhusu tairi pana na madigadi si ya safari. Hakikisha pia ina matundu ya kufungia keria, na kwamba gurudumu la nyuma, linalobeba sehemu kubwa ya uzito, lina spoku za kutosha. Kwa mwenye mzigo mkubwa, spoku 36 ni chaguo la salama.

Tatu, baiskeli ikae kwa kipimo chako. Keti, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu, kama inavyotakiwa, goti litabaki limekunjika kidogo. Wengi wanaolalamika magoti wameketi chini mno, au wanasukuma gia kubwa mno, au yote mawili. Usukani usiwe chini sana kuliko kiti, kwani utaushika kutwa nzima. Mzigo ugawe pande zote mbili, vizito viwe chini karibu na ekseli, kisha jaribu breki kwenye mteremko mdogo kabla ya kuondoka.

Nne, matunzo. Baiskeli ya gia ina kazi zaidi kuliko ile ya gia moja, na mwenye kuipenda akubali hilo. Mnyororo ufutwe kwa kitambaa, utiwe mafuta kidogo kwenye viungo, kisha mafuta ya nje yafutwe yasikusanye vumbi. Viungo 24 vya mnyororo mpya vina urefu wa karibu sentimita 30.5. Vikikaribia sentimita 30.7, ubadilishe, la sivyo utakula na meno ya magurudumu, na hapo gharama ni nyingine. Kila jioni ya safari kagua mpira wa breki, upepo, skrubu za keria na spoku, kwa kuzigusa moja moja. Iliyolegea utaijua kwa mlio wake. Beba viraka, mpira wa ndani wa akiba, pampu, spanana za skrubu zako, na spoku mbili tatu za urefu unaofaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa baiskeli hujengwa porini, saa mbili usiku, mvua ikinyesha.

Tunarejea kwa mzee wetu. Mwaka 1922, akiwa na karibu miaka 69, waendesha baiskeli walianzisha siku ya kupanda Col de la République kwa heshima yake. Ni nadra mtu kuheshimiwa namna hiyo akiwa hai, tena kwenye kilima kilekile alikopitwa na mvuta kiko. Aliendelea kuendesha na kuandika hadi siku zake za mwisho. Mapema mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 76, alikuwa akiikokota baiskeli yake katika barabara ya Saint-Étienne yenye pilikapilika nyingi. Aligongwa na tramu, akafariki dunia. Mtu aliyevuka milima usiku kwa miongo minne aliondoka akiwa anatembea kwa miguu mjini kwake.

Hakuuona ushindi wa hoja yake kwenye mashindano. Ilikuwa mwaka 1937, miaka saba baada ya kifo chake, ndipo Tour de France ilipowaruhusu rasmi washindani wote kutumia vifaa vya kuhamisha mnyororo, na Roger Lapébie akashinda mwaka huohuo akiwa na kifaa hicho. Kilichoitwa cha wazee kikawa cha mabingwa. Huko Paris, mafundi kama Alex Singer na René Herse waliendeleza sanaa ya baiskeli za safari zenye gia nyingi, taa, madigadi na keria zilizofungwa kama sehemu ya fremu yenyewe. Gazeti la Le Cycliste liliendelea kwa miongo kadhaa baada ya mwanzilishi wake. Na kila Pasaka timu za waendesha baiskeli hufanya safari ya saa 24 iitwayo Flèche Vélocio, ambapo timu hutakiwa kukamilisha angalau kilomita 360.

Hebu tufikirie pia kule kwetu. Mama anayepeleka maziwa sokoni kwa baiskeli, kijana anayebeba abiria mpakani, mkulima anayekokota magunia kilimani, wote hawa hawahitaji kuambiwa waongeze misuli. Misuli wanayo. Wanachokosa mara nyingi ni meno machache zaidi kwenye gurudumu la nyuma, na fundi wa kona ya mtaa anaweza kuwabadilishia. Ukimnunulia ndugu yako baiskeli huko nyumbani, muulize kwanza anapita njia gani na anabeba nini, halafu ndipo uulize rangi.

Wapenzi wasomaji, huyo ndiye Paul de Vivie, mfanyabiashara wa hariri aliyekubali kupitwa na mvuta kiko na badala ya kukasirika akaenda kutafuta dawa. Wale mnaojiandaa kwa safari za kiangazi, tunawatakia njia njema, magoti yenye afya na upepo wa nyuma. Na mkifika chini ya mlima, shusheni gia mapema. Hakuna anayewacheka, na akiwepo, atakuwa amechoka kabla yenu.